Kutoka ngome ya mpakani hadi Nairobi ya 1925: visa vya mezani ninavyovipenda

Kisa kilichochapishwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa mezani hakisomwi kama riwaya. Ndani yake hamna shujaa. Mna ramani, mna mahali na watu wake, mna siri, na mna maelezo ya kitakachotokea iwapo mtu ataufungua mlango fulani au atamuuliza mtu fulani swali fulani. Mashujaa huja na wachezaji. Kila mmoja huketi na karatasi ya mhusika wake, anayeendesha mchezo huwaeleza wanachokiona, wao husema wanachokifanya, na dadu huamua pale jambo linapoweza kwenda huku au kule. Wapenzi wa michezo hii huviita vitabu hivyo moduli. Nimeendesha nyingi, nyingine nimezirudia, na zile ninazozipenda zina tabia moja: zinanieleza kwa undani watu wanataka nini na wanaogopa nini, kisha yaliyobaki zinatuachia mimi na wachezaji wangu.

Nilijifunza mchezo huu Minnesota, Marekani, nilipokwenda kusoma. Ni katika jimbo hilohilo ambako Dave Arneson, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwakusanya wenzake kucheza mchezo wake wa Blackmoor. Mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa kwa majina yake na ya Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka uliofuata kikatoka kijitabu cha Blackmoor chenye kisa cha hekalu la chura, kilichofungua njia kwa visa vyote vilivyochapishwa baadaye. Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba nje kulikuwa na theluji hadi magotini, na kwamba wenzangu wa bweni walikuwa na meza iliyojaa ramani, vibanzi na kelele. Waliniachia kiti. Muda si muda wakanikabidhi kitabu, wakasema sasa zamu ya kuendesha ni yangu. Niliporudi nyumbani Kenya nilikuja na vitabu hivyo, na meza niliyonayo Nairobi sasa huchezwa kwa Kiswahili, Sheng ikiingia yenyewe pale panga zinapochomolewa.

Ya kwanza kuiendesha ilikuwa The Keep on the Borderlands. Gygax aliiandika, na ilitiwa ndani ya sanduku la wanaoanza Dungeons & Dragons tangu mwisho wa miaka ya 1970, kwa hiyo watu wengi sana wa rika lile walianzia hapo. Kuna ngome mpakani mwa nchi ya watu, kuna nyika, na kuna bonde lenye mapango ambamo makabila ya viumbe yanaishi jirani kwa jirani: koboldi, goblini, orki, hobgoblini, na wengine. Hakuna anayekutuma. Hakuna mfalme wa kukomboa. Unaamka asubuhi, unatoka lango la ngome, unaamua.

Watu wa ngomeni hawana majina. Mkuu wa ngome anaitwa mkuu wa ngome, kasisi anaitwa kasisi, mwenye duka ni mwenye duka. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro. Mimi naona ni mwaliko. Mezani kwetu wachezaji ndio waliowapa majina, na mtu aliyempa mwenzake jina humjali: mwenye duka alipotekwa na majambazi walioweka kambi nyikani, hakuna aliyeuliza zawadi ya kumwokoa ni kiasi gani.

Lakini utajiri wa moduli hii umo mapangoni, na mtu anayeisoma kwa haraka hauoni. Gygax anaeleza kwamba makabila yale hayapendani, kwamba baadhi yanashirikiana na mengine yana uhasama, na kwamba wachezaji werevu wanaweza kuwagonganisha. Kuna zimwi ambalo goblini hulitupia mfuko wa vipande 250 vya dhahabu ili lije kuwasaidia wakishambuliwa. Sentensi fupi kabisa hiyo, na ndiyo iliyonifungua macho. Binamu yangu, aliyekuwa akicheza mwizi mwenye maneno mengi, alimbana goblini mmoja hadi akaitoa siri hiyo. Kisha akaniuliza kwa utulivu, “Kwani huyo zimwi ana mkataba nao, au anamfuata anayelipa?” Nikaangalia kitabu. Kitabu kilinieleza zimwi linataka nini. Hakikuniambia lifuate nani. Wakaenda kulipa zaidi. Vita vya siku ile vilipiganwa na zimwi lile, na wachezaji wangu walisimama pembeni wakihesabu kilichobaki mfukoni.

Tangu hapo kila ninapofungua moduli mpya natafuta sentensi za aina hiyo. Nani anamlipa nani? Nani anamdai nani? Nani amefungwa chumba cha nyuma, na akifunguliwa atakimbilia wapi? Katika mapango ya hobgoblini kuna mateka wanaongoja kuliwa, mfanyabiashara na mkewe miongoni mwao. Katika mapango hayohayo kuna wanawake na watoto wa viumbe, wameandikwa pale na idadi yao, na mwendeshaji ni lazima ajue atafanya nini wachezaji watakaposimama mlangoni mwa chumba hicho na panga mikononi. Mezani kwetu mjadala ulichukua kikao kizima. Walihitimisha kwa kuwapa njia ya kuondoka bondeni, na kundi lile likarudi baadaye sana katika kampeni, yaani mfululizo wa vikao vyetu, watoto wakiwa wakubwa, na kumbukumbu zao.

Tomb of Horrors nitaipitia haraka. Gygax aliitumia kwenye mashindano mwaka 1975, ikachapishwa 1978, na ni kaburi lililojaa mitego iliyotungwa kuwanyoosha wachezaji waliojiona hawashindikani. Kuna uso wa shetani wa kijani ukutani, kinywa wazi, na anayeingia humo hatoki. Siipendi. Mchezaji anaadhibiwa kwa kujaribu, na kujaribu ndiyo kazi yake. Ila ilikuja na kijitabu cha michoro ya kuwaonyesha wachezaji kile wahusika wao wanachokiona, na hilo nimelichukua nikaenda nalo kila mahali. Mchoro mmoja ukipita mkono kwa mkono hufanya kazi ambayo maelezo yangu hayaiwezi.

Ravenloft ni jambo jingine. Tracy Hickman alikuwa amekutana na mnyonya damu ndani ya mapango ya mchezo, amekaa chumbani mwake kama kiumbe mwingine yeyote, akajiuliza: huyu anafanya nini hapa? Swali hilo yeye na mkewe Laura walilifanyia kazi hadi ikatoka moduli ya mwaka 1983, yenye Strahd von Zarovich, bwana wa kasri katika nchi ya Barovia iliyozingirwa na ukungu. Strahd hakai chumba cha mwisho akingoja kuuawa. Anatembea. Anajua wageni wameingia, anawatembelea usiku, anawapima, anaondoka pale vita vinapomwelemea. Mwendeshaji anatakiwa kumcheza kama mtu mwenye akili aliyeishi muda mrefu sana na anayetaka kitu.

Kitu hicho hubadilika. Mapema katika kisa wachezaji humfikia Madam Eva, mpiga ramli, na karata anazozipanga ndizo zinazoamua upanga wa jua umefichwa wapi, kitabu cha siri za Strahd kiko chumba gani, na Strahd mwenyewe ana nia gani safari hii. Karata huchezwa kweli, mezani, mbele ya wote. Nimeiendesha kwa vikundi tofauti na kasri lilelile halikuwa lilelile. Mimi mwenyewe, niliyekuwa na kitabu mkononi, sikujua kilichoko mnarani hadi karata zilipofunguliwa, na wachezaji huliona hilo usoni mwako. Huona kwamba hujawatega.

Hapo pia ndipo nilipoacha kusoma visanduku. Moduli za miaka ile zina maandishi yaliyotiwa ndani ya fremu, ya kusomwa kwa sauti wahusika wanapoingia chumbani, na ya Ravenloft yameandikwa kwa ufundi. Lakini aya ndefu ikisomwa neno kwa neno, macho ya watu huhama yakaenda kwenye simu. Bibi yangu kule Mombasa akishasema “paukwa” hakuendelea mpaka tumwitikie “pakawa,” na ndivyo ninavyofanya mezani: natoa mambo mawili matatu ya kisanduku, harufu, mwanga, sauti, halafu nanyamaza nikingoja mtu aseme kitu. Kinachobaki cha kisanduku hutoka kidogokidogo kadiri wanavyouliza, na hakuna kinachopotea.

Kuna jambo la Ravenloft ambalo sikuliacha kama lilivyo. Wavistani, wasafiri wa kambini ambao Madam Eva ni mmoja wao, walichorwa kwa dhana za zamani za Ulaya kuhusu Waroma: ramli, hila, kujipendekeza kwa mwovu. Wizards of the Coast, walioichapisha upya hadithi hiyo kwa upana mwaka 2016 kwa jina la Curse of Strahd, walirekebisha maelezo hayo mwaka 2020. Mezani kwangu nimewapa Wavistani biashara, madeni, ugomvi wa ndugu, na sababu zao wenyewe za kumwogopa bwana wa kasri. Kisa hakikupungua. Kambi yao imekuwa mahali ambapo wachezaji wangu hupenda kulala zaidi ya mahali pengine popote Barovia.

Nalitaja hili kwa sababu linanifikisha kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho ndicho kilichonitoa jasho zaidi. Masks of Nyarlathotep iliandikwa na Larry DiTillio pamoja na Lynn Willis, ikachapishwa na Chaosium mwaka 1984 kwa ajili ya Call of Cthulhu, mchezo wa Sandy Petersen uliotoka 1981. Humo wahusika si wapiganaji. Ni maprofesa, madaktari, waandishi wa habari, watu wa miaka ya 1920 wanaochunguza mambo ambayo kuyajua tu kunavunja akili. Anayetarajia kuicheza siku moja aruke aya chache zinazofuata.

Mwaka 1919 tajiri kijana wa New York, Roger Carlyle, aliongoza msafara uliopita London na Misri ukaishia Kenya, ambako magazeti yalitangaza kwamba wote wameuawa. Januari 1925 mwandishi aitwaye Jackson Elias anawaita marafiki zake New York, kwa kuwa amegundua kwamba mambo hayakuwa vile. Wanapofika hotelini kwake wanamkuta ameuawa muda huohuo. Chumbani ameacha karatasi na vitu vidogovidogo: kiberiti cha baa ya Shanghai, kadi ya kampuni ya New York, barua kutoka Cairo. Kila kimoja kinaelekeza upande wake.

Huo ndio ufundi wa moduli hii, na sijaona nyingine iliyoupita. Baada ya New York wachezaji wanaweza kwenda London, Cairo, Kenya au Shanghai kwa mpangilio wowote, na kila mji una visa vyake, watu wake, na vidokezo vinavyorudi kwenye miji mingine. Wakikosa kidokezo hapa, kingine kinawangoja kule. Na nyuma ya yote kuna kalenda. Mambo yanaelekea siku ya kupatwa kwa jua ya tarehe 14 Januari 1926, na hiyo haikubuniwa: siku hiyo jua lilipatwa kweli, kivuli kikapita juu ya Uganda na Kenya, kikavuka Bahari ya Hindi hadi Sumatra. Nilibandika kalenda ya 1925 ukutani. Safari ya meli kutoka mji mmoja hadi mwingine ilikula wiki kadhaa, nami nilizikata mbele yao kwa kalamu nyekundu. Sikuhitaji kumharakisha mtu.

Wachezaji wangu, kwa kawaida ya watu, walitaka kwenda Kenya kwanza.

Kuisoma sura ile ukiwa umeketi Nairobi ni jambo la peke yake. Waandishi walijitahidi. Kuna Mombasa, kuna reli, kuna Nairobi ya walowezi na ya Wahindi wafanyabiashara, na kuna kijana anayeitwa Johnstone Kenyatta, ambaye ndiye anayeweza kuwafikisha wachunguzi kwa mzee mwenye nguvu za kuwasaidia na kinyonga chake cha ajabu. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza. Lakini pia kuna dhehebu la Kiafrika lenye kiu ya damu, kuna majina yaliyotiwa alama za ritifaa (’) katikati kana kwamba hivyo ndivyo tunavyoitana, na huko Harlem, mtaa wa New York, kuna duka la uganga ambalo dhana zake zimeokotwa sehemu mbalimbali za bara zikachanganywa. Toleo la 2018 lilirekebisha mengi, likaongeza sura ya mwanzo inayotokea Peru mwaka 1921, na likazungumza waziwazi na mwendeshaji kuhusu ubaguzi wa zama zile. Hata hivyo kazi kubwa ilibaki mezani kwetu, na niliifurahia.

Nilianza na Kenyatta. Mwaka 1925 hakuwa kiongozi wa mtu. Alikuwa mwajiriwa wa idara ya maji ya mji wa Nairobi, akisoma mita. Ukatibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu, ulikuja mwaka 1928. Fikiria mtu huyo anavyofaa kwa kisa cha upelelezi! Msoma mita ana sababu ya kuingia ua wa kila nyumba, ya mlowezi, ya afisa, ya tajiri, na hakuna anayemwangalia mara mbili. Kitabu kilinipa jina na nafasi yake. Historia ikanipa kazi yake. Wachezaji walipomwendea mara ya kwanza, alikuwa na daftari mkononi na alijua ni nyumba ipi ya kilimani inayotumia maji mengi kuliko watu waliomo.

Mchezaji mwingine alikuwa amemuunda mhusika mwandishi wa habari Mmarekani mweusi wa Harlem, anayeliandikia Negro World, gazeti la Marcus Garvey. Nilimkubalia nikijua nina kitu cha kumpa. Gazeti lile lilifika Kenya. Kenyatta mwenyewe alikuja kumsimulia mwanahistoria C.L.R. James jinsi watu wasiojua kusoma walivyomzunguka msomaji wake, wakasikiliza makala mara mbili tatu, kisha wakatawanyika kwenda kuyarudia waliyoyashika kichwani kwa wengine. Basi mwandishi yule aliposhuka Mombasa, afisa wa bandari alimshuku kuliko alivyowashuku wenzake wote. Kwenye treni hakuruhusiwa kuketi nao. Lakini kituo baada ya kituo palikuwa na mtu aliyelijua gazeti lake. Wenzake Wazungu walikuwa na bastola na barua za utambulisho. Yeye alikuwa na habari. Nusu ya vidokezo vya sura ile viliingia kupitia kwake, kwa milango ambayo kitabu hakikuitaja.

Hii Nairobi ilikuwa ya watu waliovaa kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni, miaka mitatu tu baada ya tarehe 16 Machi 1922, siku ambayo umati uliodai Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe ulimiminiwa risasi karibu na hoteli ya Norfolk na watu zaidi ya 20 wakafa. Thuku alikuwa bado kizuizini, mbali na mji. Sikuyahubiri hayo. Niliyaweka mdomoni mwa watu: mpagazi anayeacha kuongea anapopita askari, mama wa mboga anayewakataza wachunguzi wasisimame kona ile.

Kisha tukafika kwenye kipande cha gazeti. Moduli hii imejaa karatasi za kuwagawia wachezaji, na mojawapo ni habari ya Nairobi kwamba Wanandi waliopatikana na hatia ya kuuangamiza msafara wa Carlyle wamenyongwa baada ya kesi fupi. Niliichapa kwa herufi za kizamani, nikaichovya kwenye chai ikauke rangi ya udongo, nikaipitisha. Mezani alikuwepo dada mmoja wa Kinandi, mchezaji mtulivu, mara nyingi wa mwisho kuongea. Aliisoma. Akairudia. Akasema, “Ngoja kwanza. Hao watu walitetewa na nani?”

Ukurasa niliokuwa nao mkononi haukuwa na jibu. Tukachemsha chai, na akatueleza anayoyajua kutoka kwao: Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi dhidi ya Waingereza na reli yao, akapigwa risasi na afisa wao Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 walipokutana kwa kisingizio cha amani, na mwanawe, Barsirian arap Manyei, aliyekamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa hadi 1964, bendera ya Kenya ikiwa imeshapanda. Hesabu ilikuwa wazi kwetu sote. Katika mwaka tuliokuwa tukiucheza, Barsirian alikuwa ndani tayari.

Wachunguzi hawakwenda mlima wa upepo mweusi, kilele cha sura ile. Walikwenda Nandi. Na hapa ndipo moduli iliponithibitishia uzuri wake, kwa sababu ilistahimili. Ukweli wa kitabu ulikuwa upande wetu tangu mwanzo: walionyongwa hawakufanya kosa lile, na ndani ya kisa kuna afisa wa jeshi aliyeyaona mabaki ya msafara na anayejua kwamba hadithi ya magazetini haikai sawa. Nilichohitaji ni kumsogeza afisa huyo, nikamwandika mjane mmoja na kaka wa mmoja wa walionyongwa, na kuzihamishia kwao habari ambazo kitabu kilikuwa kimeziweka penginepo. Kaka yule hakutaka kuongea na Mzungu yeyote. Dada yetu, ambaye mhusika wake alikuwa muuguzi wa misheni, ndiye aliyeongea naye, kwa kikao karibu kizima, sisi wengine tukisikiliza tu. Dadu hazikurushwa. Alipomaliza, wachunguzi walikuwa na njia ya kufika mlimani ambayo walinzi wa dhehebu hawakuijua, na walikuwa na sababu ya kwenda iliyozidi udadisi.

Dhehebu lenyewe nililibadilisha. Sikulifanya la kabila lolote. Nililifanya la watu waliokatishwa tamaa na wenye tamaa kutoka kila upande, mlowezi aliyefilisika, karani, mfanyabiashara, mganga aliyefukuzwa na wenzake, na wenyeji wa vijiji vya chini ya mlima wakiwa ndio waliopigana nalo muda mrefu kabla mgeni yeyote hajasikia jina la Carlyle. Majina niliyabadilisha yote, isipokuwa ya watu wa kweli. Mashimo ya hatari, usiku wa sherehe, kile kinachongojwa juu kule, niliyaacha kama DiTillio alivyoyaandika, na watu wangu walitetemeka ipasavyo.

Nimeulizwa na wenzangu kwa nini nisitunge vyangu moja kwa moja ikiwa nabadilisha kiasi hicho. Natunga, na napenda. Lakini mimi peke yangu nisingewaza kiberiti cha Shanghai. Nisingewaza mfuko wa dhahabu wa zimwi, wala karata za Madam Eva. Mtu mwingine alikaa miezi akijenga mahali ambapo mimi sikuwahi kufika kwa fikra zangu, na ninapoingia humo na watu wangu tunakutana na akili isiyo yetu. Hapo ndipo tunapojibu. Swali la dada yule lisingeulizwa kama kisa kingekuwa changu, kwa kuwa nisingeandika kipande kile cha gazeti.

Upo pia upande wa kazi tu, wa jinsi kitabu kinavyoshikika usiku wa mchezo, na huko visa vipya vimevipita vya zamani kwa mbali. The Waking of Willowby Hall ya Ben Milton ndiyo ninayoitoa kama mfano. Wezi wamemwibia jitu bata bukini wake atagaye mayai ya dhahabu, wamejificha ndani ya jumba kuukuu, na jitu linalizunguka jumba likichungulia madirishani na kulipiga. Kadiri vurumai inavyozidi, jumba lenyewe linaamka na wafu wake. Kila chumba kimeandikwa kwa maneno machache yaliyokolezwa wino, ramani ipo karibu na jicho, na sihitaji kusoma aya tatu nikitafuta kama mlango umefungwa. Naweza kuiandaa mchana na kuiendesha usiku. Masks, kwa utukufu wake wote, ilinidai miezi ya kusoma na daftari mbili za maelezo kabla mtu hajarusha dadu.

Anayetaka kuanza leo, na hana pesa ya kununua kitabu, aende kwa The Haunting. Imo tangu toleo la kwanza la Call of Cthulhu, na Chaosium wanaitoa bure pamoja na kanuni za kuanzia. Ni nyumba moja tu, Boston, miaka ya 1920. Mwenye nyumba, Bwana Knott, anataka kujua kwa nini wapangaji wake wanapatwa na maafa. Anakupa ufunguo, anwani, na malipo. Kabla ya kuingia kuna magazeti ya zamani, maktaba na kumbukumbu za serikali za kupekuliwa, na kila wanachokipata huko kitawafaa ndani. Chapa vipande vile vya magazeti hata kwa mashine ya dukani. Usivisome wewe, wape wao wasome kwa sauti. Wachezaji watatu au wanne wanatosha, na jioni moja inatosha. Chumba cha juu kina kitanda. Kitaje pamoja na kabati na dirisha, kwa sauti ileile, usikisisitize, na umwache anayetaka kukikagua akikague mwenyewe. Na wakiipenda maktaba kiasi cha kumaliza jioni nzima humo bila kufika kwenye nyumba, waache, panga kikao kingine wiki ijayo, na uwaulize kabla hawajaondoka wanatarajia kukuta nini kule, kisha uyaandike majibu yao.